Yai Nililomnyang'anya Msichana Wangu

Msichana wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na kwangu sheria ilikuwa moja: hakuna yai. Mama yangu alinikataza mayai mimba zangu zote, akisema mtoto atanona tumboni nipasuliwe. Kwa hivyo siku nilimpata jikoni na yai la kuchemsha, nililitoa mkononi mwake nikatupia mbwa.

"Lakini Mum, nesi wa kliniki amesema nikule."

"Nesi ndiye alikuzaa?"

Badala yake nilimnunulia vidonge. Mama mmoja tunaomba naye huko Kajiado aliniambia vinajenga akili ya mtoto akiwa bado tumboni. Kila asubuhi nilishika kidonge, nikakiombea, nikampea na maji.

Mimi nasoma ngumbaru, lile darasa la jioni la watu wazima, hapa Kitengela. Wiki hiyo mwalimu alisema kila mtu alete pakiti yoyote kutoka nyumbani, asomee wengine. Nikabeba chupa ya vidonge kwa maringo. Neno la kwanza likanishinda: phosphatidylcholine. Mwalimu akalikata vipande ubaoni, tukalisema wote kama watoto wa nasari. Mstari uliofuata nikausoma peke yangu. From egg yolk.

"Maana yake nini, Mama?" mwalimu akauliza.

Nikasoma tena, nikiomba niwe nimekosea.

"Imetolewa kwa ile njano ya yai."

Mzee mmoja, soja anayelinda ploti ya jirani, akaangua kicheko. "Mama, kwani kuku wako wamegoma?"

Darasa lote likacheka. Bwana Yesu! Niko na kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba, na mimi naombea yai la chupa.

Nilifika nyumbani nikachemsha mayai mawili hata kabla nitoe leso kichwani. Nikamwekea msichana wangu. Akasukuma sahani.

"Mum, ulisema nitapasuliwa."

Hapo nilishtuka kuliko kule darasani. Maneno yangu yalikuwa yamemwingia kuliko ya nesi.

"Nilikosea," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kumwambia mtoto wangu hivyo. "Mama yangu alikosea, na mimi nikakosea. Nesi alikuambia ukweli. Nisamehe."

Aliniangalia sana. Halafu akaambua ganda polepole, akauma, akatafuna.

"Haina chumvi," akasema.

Nilikimbia kuileta.