Karanga za Mama

Leo nimefungua gunia la karanga, harufu ya ukungu ikanipiga usoni, nikamkumbuka mama.

Tulikuwa tunachambua pamoja uani, tumekalia ngozi ya ng'ombe. Zile nzuri, nyekundu, alizitia kwenye bakuli letu sisi watoto. Zilizosinyaa na kuota ukungu alizibakiza kwenye kanga yake, akawa anazitafuna huku anachambua.

"Mayu, hizo si chungu?" nilimuuliza.

"Chungu ni dawa, mwanangu. Chakula hakitupwi."

Baadaye macho yake yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Tulipomfikisha hospitali Bariadi, daktari akaniinamia.

"Ini la mama limeharibika, huenda ni sumu ya chakula chenye ukungu. Nyumbani huwa anakula nini?"

Nikaona aibu kumsema mama mbele za watu.

"Anakula kama sisi," nikajibu.