Gari la Kinamasi Halichaguliwi Tupu

Siku yangu ya kwanza katika duka la magari ya shambani kule Oakdale, mashariki ya Saint Paul, Marekani, meneja wa mauzo alinikabidhi mpira wa maji nikaoshe matope. Mimi, mwenye diploma ya ufundi mitambo. Niliosha. Lakini kila gari nililoosha nililichungulia uvunguni, na baada ya misimu michache ya baridi nilikuwa mshauri wa wateja, Mwafrika wa kwanza dukani pale. Sikubebwa na mtu.

Magari yenyewe ni madogo, si ya barabara kuu: kiti mbele, bodi ya mizigo nyuma, na loki ya difu, inayolazimisha magurudumu yazunguke pamoja moja linapoteleza.

Akaja mama mwenye shamba la mahindi na uwanja wa kuwindia ndege jamii ya kwale. Gari lake la zamani lilizama kinamasini na mfanyakazi ndani, akaopolewa kwa bahati. "Sitaki kumzika mtu wangu," alisema.

Meneja akaninong'oneza: "Ana uwezo huyu. Mpe lile la viti sita. Akilirudisha, nawe unarudi kwenye mpira wa kuoshea."

Niliomba kwanza tupeleke magari mawili shambani: hilo kubwa, na dogo jepesi lenye matairi mapana. Mfanyakazi aliyezama, Baba Amani, mkimbizi kutoka Kivu aliyeishi Roseville, kitongoji cha Saint Paul, alitupokea mikono mfukoni. Ni yeye aliyevuka kinamasi kila siku kulisha ndege.

"Mule sirudi, muzee. Ile ingine ilinizamisha mpaka mu kifua."

"Hujanijua. Nina diploma."

"Diploma inaogelea?"

Kubwa lilivuka likiwa tupu, meneja akatabasamu. Nikamwambia gari huchaguliwa na mzigo wake. Nikapakia magunia ya mahindi, mbwa wa kuwindia, nikaingia mwenyewe. Likadidimia mpaka kwenye ekseli, tukalivuta kwa winchi. Mzigo uleule nikauhamishia kwenye dogo. Likateleza juu ya tope kama bata, kwenda na kurudi.

Nilimpa Baba Amani ufunguo. Akasali kwanza, kisha akaondoka na mbwa. Alipofika katikati, mngurumo ukakatika.

"Limekufa?" mama aliuliza.

Kumbe amelizima mwenyewe. Matete yakafunguka, ndege wakapaa kundi juu ya kundi mpaka mbingu ikawa ya rangi ya shaba, naye amekaa, kofia mkononi, akiwatazama.

Mama alinunua dogo. Meneja alinuna, kisha, gari lisiporudishwa, akanipa idara nzima.

Sasa nimestaafu, nimejenga kwetu Njombe. Vijana wakiniuliza kilichonishangaza Marekani, hutegemea niwatajie maghorofa. Nimeyaona yote. Nawaambia nilimwona mtu akizima injini katikati ya kinamasi kilichotaka kumuua, ili awasikie ndege.