Jozi za Mwalimu Ochola

Katika makampuni ya Kampala walimwita Mwalimu, ingawa Cleopas Ochola hakuwahi kushika chaki mbele ya darasa. Alikuwa Mkenya wa upande wa Kisumu, mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Kazi ya uokoaji alijifunza kwenye karakana za reli, kisha kampuni moja ya bima ikamleta Uganda awafundishe wateja wake kujikinga na maafa.

Kazi yenyewe ilikuwa kuleta maafa ambayo hayakuwepo. Aliingia katika benki, ghala la kahawa au kiwanda, akachagua watu wachache kutoka kila idara na kuwafanya kikosi cha dharura. Baada ya hapo aliwaletea mafuriko ya mfereji wa Nakivubo siku ya jua kali, au radi juu ya paa ilhali mbingu ni nyeupe. Zaidi ya yote aliwaletea tetemeko la ardhi. Wengi walilikumbuka lile lililobomoa nyumba kule Toro mwaka 1966, kwa hiyo hakuhitaji kumshawishi mtu kwamba ardhi huweza kumgeuka aliyesimama juu yake. Aliviringisha mapipa matupu kwenye sakafu ya saruji hadi vioo vya madirisha vikalia, akarusha chokaa hewani, akawapaka majeruhi wake wino mwekundu.

Jambo alilolishikilia kuliko yote lilikuwa jozi. Hakutaka wafanyakazi waitwe majina kutoka kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi huungua, na mwenye kuisoma huenda ndiye aliyefukiwa. Kila mtu alipewa mwenzake. Wakikimbilia uwanjani, kila mmoja amtafute wake na amshike mkono. Asiyempata anyooshe mkono juu, amtaje mwenzake kwa sauti, aseme na mahali alipomwona mara ya mwisho, wala asinyamaze mpaka kikosi kiingie ndani kumtafuta.

Katika kiwanda kimoja cha sabuni, Nasike wa simu, binti wa Bungoma mwenye maneno mengi, alipewa jozi na Erinayo Okeny, mwangalizi wa ghala.

"Mwalimu, huyu ana mke," Nasike alilalamika siku ya kwanza, wenzake wakicheka. "Akullo akisikia namshika mumewe mkono kila mwezi, atanimwagia maji ya moto."

"Mwambie ni tetemeko," Okeny akasema.

"Tetemeko gani linakuja kila mwezi kama mshahara?"

Okeny alikuwa Mwacholi wa Kitgum, na Kiacholi chake na Kijaluo cha Cleopas vilikaribiana kiasi kwamba waliweza kutaniana bila msaada wa lugha ya tatu. Jumapili Cleopas alikula nyumbani kwa Okeny, mtaa wa Kasubi. Akullo alimpikia malakwang, mboga chachu iliyoungwa kwa ufuta, akamwita shemeji.

Mapema mwaka 1977 Waacholi na Walango, makabila ya kaskazini yaliyoshukiwa na serikali ya kijeshi, walianza kutoweka makazini. Leo kiti kina mtu, kesho kitupu, na anayeuliza huambiwa aendelee na kazi yake. Cleopas aliendelea na yake. Asubuhi moja alipofika kiwandani kuandaa tetemeko, alimkuta Okeny akimngoja nyuma ya boila, shati lake likiwa na mikunjo.

"Jana watu wa usalama walikuja nyumbani," Okeny alisema. "Nilikuwa kwa jirani, nikaliona gari lao. Nimelala kanisani. Nyumbani hawakunipata, sasa watakuja hapa."

"Na kwa nini wewe mwenyewe umekuja hapa?"

"Niende wapi, ndugu yangu? Kila barabara ina kizuizi. Wanakutazama uso tu, wanajua umetoka wapi."

Cleopas alilifikiri, kama alivyofikiri mambo yote, hatua moja baada ya nyingine. Kila zoezi la tetemeko lilimalizika kwa majeruhi mmoja kupelekwa hospitali ya Mulago katika gari la kiwanda. Askari wa vizuizi walikwisha kulizoea gari lile. Walichungulia, wakacheka wino mwekundu, wakaliacha lipite. Leo majeruhi angekuwa Okeny, uso mzima umefungwa bandeji. Kutoka Mulago angechukuliwa na Mkenya mmoja aliyeleta sufuria soko la Owino, ambaye jioni ileile alikuwa anarudi Busia, mpakani.

"Mapipa yakianza kulia, jifiche kwenye ghala la magadi, nyuma ya magunia. Jifunge bandeji. Kikosi kitakukuta na kukupakia kwenye machela."

"Nimwambie Nasike?"

Cleopas alilipima hilo pia. "Usimwambie mtu. Akiulizwa, ajibu kwa moyo mweupe kwamba hajui kitu."

Mapipa yalipovuma, watu walitoka mbio, wakikohoa chokaa na kusukumana kwa kicheko. Walikuwa bado wanatafutana uwanjani wakati gari jeusi lilipoingia langoni bila kusimama kwa mlinzi. Walishuka wanaume watatu wenye miwani ya jua na mashati ya maua. Meneja, aliyekuwa kivulini akitazama, aligeuka akarudi ofisini. Mkubwa wa wale watatu, ambaye wenzake walimwita afande Kamis, alimwendea Cleopas.

"Wewe nafanya nini na hii watu?"

"Zoezi, afande. Nawafundisha kujiokoa kwenye tetemeko la ardhi."

"Tetemeko?" Kamis aliitazama ardhi, kisha akawageukia wenzake. "Jafar, wewe nasikia tetemeko?"

"Hapana, afande. Labda tumbo yangu."

Walicheka. Kamis akawanyooshea kidole wafanyakazi. "Watu mzima nashikana mikono kama watoto ya nasari. Haya. Iko mtu ya stoo, naitwa Okeny. Iko wapi?"

"Hakuja leo, afande," Cleopas alisema, na mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

Kabla Kamis hajajibu, mkono mmoja ulipanda juu katikati ya uwanja.

"Okeny hayupo!" Nasike aliita. Chokaa ilikuwa imemjaa machoni, hakuwaona wageni. "Mwenzangu Okeny hayupo!"

Cleopas alimtazama akatikisa kichwa. Alitikisa polepole, kwa namna ambayo Kamis asingeitambua. Nasike, akipangusa macho, aliona kichwa kile na hakuona kingine. Katika mazoezi yote yaliyopita Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa hivyo hivyo kila mtu alipoita kwa sauti ndogo, mpaka aongeze. Basi Nasike alivuta pumzi na kuongeza.

"Okeny hayupo! Nimemwona mwisho akiingia ghala la magadi! Gha-la la ma-ga-di!"

Kikosi kiliondoka mbio na machela, Lubega, fundi wa boila, akiwa mbele.

Cleopas alitia filimbi yake mdomoni. Angeweza kuipuliza. Lakini yeye ndiye aliyewafundisha kwamba filimbi ndefu maana yake zoezi limekwisha, na kila aliye ndani atoke. Akipuliza, Okeny atatoka kwa miguu yake. Asipopuliza, watamleta wakimbeba. Alilitafuta jambo la tatu katika kila alichojua tangu karakana za reli, na hakuliona. Filimbi ilibaki mdomoni, kimya, mpaka Lubega alipotokea mlangoni na machela.

"Mwalimu, tazama saa!" Lubega alipaza sauti, jasho likimtiririka. "Leo watu wa benki tumewaacha mbali!"

Baadhi ya wafanyakazi walianza kupiga makofi. Wale waliokuwa karibu na gari hawakupiga, na ukimya wao ulisambaa nyuma hadi kwa wengine. Kamis aliinama juu ya machela, akakunjua bandeji taratibu, akautazama uso uliokuwa chini yake.

"Hakuja leo," alisema. Alimpigapiga Cleopas shavuni kwa kiganja, mara mbili, kama anayempongeza mtoto. "Wewe iko Mkenya?"

"Ndiyo, afande."

"Bahati yako, gari najaa. Rudi kwenu." Akawageukia wabebaji. "Nyinyi najua kubeba. Beba mpaka gari."

Lubega alimtazama Cleopas. Ndivyo walivyozoea, kumtazama yeye kabla ya kila hatua. Cleopas hakuwa na ishara ya kumpa. Wakabeba. Okeny alilala juu ya machela, macho wazi, na alipopitishwa mbele ya rafiki yake alisema neno moja tu, "Akullo."

Hapo ndipo Nasike alipoelewa. Alikimbia mpaka kwenye gari. "Afande, tafadhali, ni mchezo tu! Ni mwenzangu wa zoezi!"

"Sasa zoezi nakwisha, nyabo," alisema yule Jafar, akifunga buti la gari juu ya Okeny.

Gari lilipoondoka, hakuna aliyetawanyika. Walisimama wawili wawili kama walivyofundishwa, wakingoja waambiwe wafanye nini, hadi meneja alipotoka nje na kusema mashine zimekaa bure muda mrefu.

"Ungeniambia, Mwalimu," Nasike alisema. Hakulia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kwa Cleopas. "Ningenyamaza. Mimi na maneno yangu yote, ningenyamaza."

"Najua, Nasike. Kosa si lako."

Walikwenda Kasubi pamoja. Akullo alikuwa uani akipepeta ufuta. Aliziona nyuso zao, akauweka ungo chini, na Cleopas akamweleza kila kitu kwa mpangilio, bila kuficha sehemu yake mwenyewe. Akullo alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," alisema, "wewe ndiye unayewafundisha watu. Yakishafika hapa, mnafanya nini?"

"Uondoke. Leo, na watoto. Gari la sufuria bado liko Owino, na nafasi ya Okeny ipo."

"Wakimwachilia, akaja akakuta mlango umefungwa?"

Cleopas alijua kwamba waliochukuliwa na magari yale hawakuwa wanarudi. Nasike alijua. Akullo naye, mkazi wa Kampala miaka yote ile, alijua. Lakini sentensi ile ilihitaji mtu wa kuisema.

"Nitangoja Jumapili ipite," Akullo alisema. Aliinua ungo, akaendelea kupepeta. Nasike alikaa karibu yake, akaanza kuokota vijiwe kwenye ufuta.

Jua lilishuka upande wa makaburi ya wafalme, yaliyo juu ya kilima cha Kasubi. Saa ya gari la sufuria kuondoka ilifika, ikapita, na hakuna kati yao aliyeitaja.