Chausiku Hakuniuliza Kitu

Sijaisahau siku niliyonyamaza, mwanangu Nasra, na leo umenilazimisha kuisimulia. Nimekusikia hapo uani na wenzako mkimcheka yule binti aliyehamia darasani kwenu, mkirushiana video yake akilia. Nilipokuuliza ukanijibu, "Bibi, tunamtania tu." Tunamtania tu. Maneno hayo nimeyachoka tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Weka simu chini, ukae hapa, na usiniambie una kazi ya shule.

Mimi si mzaliwa wa Kaole, kama mnavyodhani. Nimezaliwa Fukayosi, kwa wakulima, na bahari nilikuwa sijaiona mpaka nilipoletwa hapa kwa shangazi yangu, Bi Mwajuma, nisome. Kiswahili changu kilijaa Kikwere. Kila nilipofungua mdomo darasani, watoto wa hapa walirudia maneno yangu huku wamebana pua. Mwalimu naye alitabasamu. Huyo ndiye aliyeniudhi zaidi, na mpaka leo ananiudhi, Mungu amrehemu.

Siku moja wakanitilia kaa hai kwenye mkoba. Nilipoingiza mkono akanibana kidole. Nilikuwa sijui hata ni mnyama gani. Nikapiga ukelele, na kwa hofu nikajikojolea mbele ya darasa zima. Walicheka mpaka wakashika matumbo.

Tangu hapo sikusema tena. Si kwamba niligoma; maneno hayakutoka. Asubuhi tumbo liliniuma, chakula hakikupita, nikawa nashinda kitandani nimeukabili ukuta. Shangazi akasema ni uvivu. Baadaye akasema ni shetani, nikanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, na kufukizwa ubani. Dua sizidharau, mwanangu, lakini hakuna hata mtu mzima mmoja aliyeuliza huko shuleni kumetokea nini. Hata mmoja.

Aliyekuja ni Chausiku. Darasani yeye alikuwa mkubwa kuliko sote, mkali, anapiga hata wavulana, na hakuna aliyecheza naye kwa sababu mama yake alikuwa akizunguka sokoni akizungumza peke yake. Mimi mwenyewe nilimwogopa. Akanikuta nimetolewa nje kuota jua, akaketi kando yangu barazani na ukili wake wa mkeka, akasuka. Hakuniuliza kitu. Jua lilipopoa akaenda zake. Kesho yake akarudi, na siku zilizofuata vilevile. Mwishowe akanipa na mimi nisuke, na nikikosea ananifumulia bila kusema neno.

Shangazi alipomkuta hapo alikasirika kwelikweli. "Mtoto wa kichaa sitaki kumwona kwangu," alisema. "Huyu wangu kashaharibika, wewe unataka kummaliza?"

Chausiku akasimama. "Shikamoo, Bi Mwajuma," akasema kwanza, kwa adabu ambayo sikuitegemea. "Mama yangu alianza hivihivi. Alifiwa na mtoto, akalia sana, watu wakamcheka, akanyamaza. Sisi tukangoja apone mwenyewe. Huyu walimtilia kaa mkobani, akajikojolea, darasa zima likamcheka. Hujaambiwa?"

Shangazi akanigeukia. Chausiku akakunja ukili wake aondoke, na mimi nikaona kwamba akishatoka pale hatarudi tena.

"Shangazi," nikasema, "mwache akae."

Sauti ilikuwa imekauka, sikuitambua mwenyewe. Shangazi akaketi palepale chini, akanivuta kifuani, akalia. Asubuhi yake akajifunga kanga, akatupeleka shule sote wawili. Aliyomwambia mwalimu siwezi kuyarudia mbele ya mtoto.

Usidhani mambo yalinyooka. Vicheko viliendelea kwa muda, na asubuhi nyingine tumbo liliuma kama kawaida. Lakini sasa nilikuwa na mtu wa kukaa naye dawati moja, na alikuwa Chausiku, kwa hiyo waliocheka walichekea mbali. Shangazi, kwa aibu au kwa huruma, sijui, alimsindikiza mama yake Chausiku hospitali, akapewa dawa, akatulia, ingawa si siku zote. Chausiku aliolewa Saadani, anakausha samaki huko. Akinipigia simu bado ananigombeza, nami bado namwogopa kidogo.

Sasa nisikilize, maana sitaki kurudia. Mtoto aliyenyamaza usimwite mwenye maringo, wala usimwambie ajikaze. Video hiyo ifute, na wenzako uwaambie waifute, hata kama watakuona mbaya. Halafu uende kwa yule binti. Usiende kujitetea, usimsumbue kwa maswali. Omba radhi, kisha ukae naye, leo na kesho. Akizidi kuzama, mwambie mtu mzima, na wa kwanza asiposikia mwambie wa pili. Na wewe mwenyewe, ukielemewa moyoni, usinifiche. Kuna madaktari wa maradhi hayo, na kwenda kwao si aibu zaidi ya kwenda kung'oa jino.

Hasira zangu zitapoa, zisikutishe. Inuka, uvae mtandio wako. Mola akupe moyo laini na ulimi wenye haya, akujaalie rafiki wa kukaa nawe siku utakayoshindwa kusema, na akufanye wewe uwe rafiki huyo kwa mwenzio. Amin. Haya, nenda, kabla hakujachwa.