Kadi ya Salamu na Wimbo wa Kijapani

Juzi nilikuwa Vällingby, huku Uswidi, nikimsubiri mtu, baridi ikanisukuma ndani ya duka la vitu vya zamani. Redio ya mwenye duka ikaanza kupiga wimbo. Vinanda vilipanda taratibu, kisha ikaja sauti ya mwanamke wa Kijapani, nyembamba, kama ya mtu anayeimba huku anakunja nguo. Nilisimama pale na bakuli la watu mkononi nikicheka peke yangu. Kama na wewe ulikulia mtaa wa Fittja miaka ile, ukiusikia tu utajua: ni Jumamosi saa tisa, salamu zinaanza.

Kilikuwa kipindi cha Kiswahili kwenye televisheni ya jamii. Mtangazaji mmoja, meza moja, ua la plastiki, na picha iliyokuwa ikichezacheza. Siku za kazi mtangazaji huyo alikuwa dereva wa basi. Ukipanda basi lake na kumwamkia, alikujibu kwa sauti ileile ya Jumamosi, "Marahaba, mpenzi mtazamaji, shika vizuri!" Waswidi wote wakageuka kumtazama.

Huo wimbo aliuchagua kwa sababu. Mwanzoni alipiga rumba, Wakenya wakalalamika. Akapiga nyimbo za Kenya, Wakongo wakasema kipindi kimeuzwa. Akaweka kwaya ya Burundi, Wanyarwanda wakauliza yao iko wapi. Ndipo akaja na santuri ya zamani aliyoiokota sokoni kwenye mitumba, akatangaza, "Kuanzia leo tunapiga wa Kijapani. Sasa nione nani atasema nimependelea nchi yake." Watu walicheka, wakauzoea, mwishowe wakaupenda. Sisi watoto tuliuimba wote, na hakuna aliyejua maana ya neno hata moja.

Nyumbani kwetu Jumamosi ilinukia maharage na ndizi. Bibi yangu alikuwa amekuja kutoka Burundi akiwa mtu mzima sana, na Kiswidi kilikataa kumwingia. Rafiki yake alikuwa mmoja tu, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, mama wa Kikongo kutoka Uvira. Alikuwa akiingia bila kubisha, ameshika sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, wanakaa kwenye kochi wakichambua maharage na kusema watu mpaka wimbo uanze. Hapo wote wawili walijifunga vitenge vizuri, kana kwamba mtangazaji anawaona.

Kadi za salamu za kutuma kwenye kipindi bibi alitamka, mimi niliandika. Niliandika polepole, kila herufi niliipa muda wake, na herufi zangu zilikuwa kubwa. Safari moja majina yalikuwa mengi: shangazi wa Jordbro na watoto wake wote, mchungaji, wanakwaya, hata yule fundi wa Kenya aliyetutengenezea friji. Jirani bibi alimtaja mwisho kabisa. Kadi ilikuwa imejaa mpaka pembeni. Ningechukua nyingine, lakini mkono ulishachoka, nikajiambia huyu anakuja hapa kila siku, salamu za televisheni za nini? Nikafunga bahasha. Sikumwambia bibi.

Jumamosi iliyofuata kadi yetu ikasomwa. Bibi alikuwa anatabasamu, jirani ameinama mbele asikose neno. Shangazi, mchungaji, wanakwaya. "Na fundi wa friji, popote ulipo, salamu zako hizo." Mtangazaji aliigeuza kadi, akaona nyuma hakuna kitu, akaiweka mezani. Wimbo ukaanza.

Jirani alisubiri mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Hata fundi wa friji, dada?"

Akainuka, akachukua sufuria yake ikiwa bado na sombe, akaenda.

"Si nilimtaja?" bibi akaniuliza. "Mtoto, si nilimtaja?"

"Ulimtaja," nikasema, macho kwenye zulia.

Bibi alienda kubisha mlango wa pili. Sauti ikajibu kutoka ndani, "Niache, napumzika." Aliporudi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu, "Nimemwacha mbele ya watu. Kuomba radhi mlangoni hakutoshi." Wiki nzima alichambua maharage peke yake. Siku ya Alhamisi akamuuliza mama yangu kama nauli ya kurudi Burundi inaweza kupatikana, maana hapa anakaa na nani?

Mimi nilikuwa mtoto ambaye mwalimu akiita jina langu darasani, aliyejibu ni jirani yangu wa dawati. Lakini Jumamosi, mtangazaji alipofungua simu mwishoni mwa kipindi, nilipiga.

"Halo, mpenzi mtazamaji, nani mwenzangu?"

Niliibana simu sikioni.

"Namsikia anapumua, kwa hiyo ni mzima," akasema. "Basi usiwe na haraka. Napiga wimbo, nitakusubiri."

Yule mwanamke akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili. Simu ililowa jasho. Bibi alinitazama kutoka kwenye kochi, ndizi mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Wimbo ulipokaribia kuisha nikasema yote kwa pumzi moja: "Ni mimi wa Fittja bibi alimtaja mama jirani mimi ndiye nilimwacha kadi ilijaa naomba anisamehe."

"Mama jirani wa Fittja, umesikia," akasema mtangazaji. "Salamu zako hizo, na zangu juu yake. Fundi wa friji, leo hupati kitu."

Sijaweka simu chini, mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

"Weye mutoto! Fundi wa friji unamupatia nafasi, miye unaniacha?" Alikuwa na sufuria. Alinifinya shavu mpaka machozi yakanitoka, huku anacheka.

"Keti, dada," bibi akasema. "Ndizi bado zinamenywa."

Walinikalisha katikati yao, nikala sombe mpaka nikashindwa kuinama.

Kipindi kilikufa kimyakimya, hata sikumbuki Jumamosi ya mwisho. Bibi hayupo tena. Jirani alihamia Jordbro, na siku hizi watu wetu wote wako kwenye kundi moja la simu. Nikibonyeza mara moja salamu zimewafika wote, hakuna anayeachwa, na hakuna anayejifunga kitenge vizuri kusubiri jina lake litajwe. Jirani hajibu ujumbe wa kundi kabisa. Anasema hizo ni salamu za nani? Kwa hiyo Jumamosi namwandikia yeye peke yake, polepole, naanza na jina lake.