Kilima cha Siku ya Tatu

Doha haina vilima. Nasema hivyo kwa sababu mwaka juzi bosi wangu alinipa kazi ya kumfundisha kupanda vilima kwa baiskeli, na sikuwa na mahali pa kumpandishia isipokuwa jengo la kuegesha magari la ofisi yake, ghorofa nne, ambalo Ijumaa asubuhi huwa halina hata gari moja.

Mimi ni dereva wa nyumba. Naishi katika chumba kidogo kando ya geti, mtaa wa Muaither, na kazi yangu ni kupeleka watoto shule, madamu dukani na bosi ofisini, na kuwarudisha. Bosi ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole, hajawahi kunitukana. Daktari alimwambia afanye mazoezi au apunguze wali, naye wali hakuweza kuuacha. Ndipo madamu akapata kwenye simu yake safari moja ya Uingereza: siku sita za kuendesha baiskeli polepole mashambani, kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, mizigo ikitangulia kwa gari.

"Sadiki," bosi akaniuliza nikiwa kwenye usukani, maana hivyo ndivyo anavyoniita, rafiki, "baiskeli unaijua?"

Nilicheka moyoni. Kabla pikipiki hazijatufukuza barabarani, nilikula kwa jasho la baiskeli miaka minane pale Busia, ile nyeusi ya chuma tunayoiita blakmamba, nikipeleka watu na magunia mpakani. Nimebeba mama mjamzito kumkimbiza akajifungue. Nimebeba jeneza, tupu, lakini jeneza. Nikamjibu, "Naijua, baba."

Baiskeli mbili zikaja kwenye maboksi, ya bosi na ya madamu. Ya madamu nikaipanda mimi, kwa sababu yeye alisema atajifunzia hukohuko. Zilikuwa na gia nyingi, na gia nilikuwa sijawahi kuzigusa maishani. Blakmamba ina gia moja tu, nayo ni mapaja yako. Alhamisi jioni nilizunguka uani nikibadilisha juu na chini ili nisiaibike, na Ijumaa nikasimama mbele ya bosi nikamwelekeza kama mtu aliyezaliwa nazo.

Siku hiyo ya kwanza hakufika hata ghorofa ya pili. Nilimsukuma kwa mkono mmoja mgongoni, mkono wa pili kwenye usukani wangu, na shati lake lilikuwa limelowa hadi likanata kiganjani. Nilimfundisha yote ninayoyajua. Badilisha gia kabla ya mlima, sio ukiwa mlimani. Kaa kwenye kiti, usisimame. Usitazame juu, tazama gurudumu la mbele. Ijumaa ya tano alifika juu kabisa, kwenye paa, akashuka akashika magoti. Alipopata pumzi akasema, "Uingereza lazima uje na sisi. Bila wewe mimi sifiki popote."

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta kama ni mimi niliyeongeza kitu. Sikuongeza.

Kampuni ya safari ilikuwa imetuma kijitabu cha njia, na bosi akawa na tabia ya kukisoma kwa sauti tukiwa kwenye foleni, asubuhi na jioni. Toka nyumba ya wageni, pita kanisa, kata kushoto penye hori la mawe. Fungua lango, pita, lifunge nyuma yako kwa sababu ya kondoo. Simama darajani, samaki wadogo wanaonekana. Siku ya pili ilikuwa kilomita ishirini na mbili, na muda waliotoa ulikuwa masaa sita. Kilomita ishirini na mbili mimi nilikuwa nazimaliza na abiria nyuma na gunia la dagaa mapajani mwake kabla chai haijapoa. Mwanzoni niliwadharau sana hao Waingereza. Halafu siku moja, tumekwama kwenye taa, nikaelewa kwamba yale masaa sita si ya kuendesha. Ni ya kusimama. Mtu anashuka, anaegemeza baiskeli ukutani, anatazama ng'ombe wa mtu mwingine, kisha anaendelea, na hakuna anayemngoja mbele wala anayemharakisha nyuma.

Sijawahi kuendesha baiskeli namna hiyo. Miaka minane, na kila nilipokanyaga pedeli kulikuwa na mtu mgongoni mwangu anasema kazana, nimechelewa. Hata hapa Doha nilipanda baiskeli mkono wangu ukiwa mgongoni mwa bosi. Nikaitaka ile safari kwa namna ambayo sijataka kitu tangu niwe mtu mzima. Sikutaka London, sikutaka picha za kutuma nyumbani. Nilitaka hiyo siku moja ya masaa sita, kiti cha nyuma kikiwa kitupu.

Pasipoti yangu ikapelekwa, alama za vidole zikachukuliwa, viza ikatoka. Nikampigia mke wangu.

"Sasa huko Uingereza unaenda kufanya nini?" akauliza.

"Kuendesha baiskeli."

"Si ulikuwa unaendesha hapa, na kila jioni ni kulia magoti?" Akacheka, lakini kesho yake chama chake kizima cha akina mama kilikuwa kinajua. "Nimewashow unaenda na mdosi wako, mnalala hoteli moja," akaniambia. "Wengine wamekasirika kabisa."

Wiki mbili kabla ya safari, kampuni ikaleta fomu. Walitaka urefu wa kila mwendeshaji, ili baiskeli zikutwe tayari na viti viwe mahali pake. Bosi akanipa mimi hiyo kazi. Niliwaita sebuleni nikawasimamisha ukutani mmoja mmoja, visigino nyuma, kidevu sawa, nikaweka kitabu juu ya kichwa nikapima kwa utepe wa fundi cherehani. Bosi. Madamu, akavua viatu kwa kulalamika. Binti yao. Mvulana wao, aliyesimama kwa vidole nikamshusha kwa mabega. Nikaandika wanne kwenye fomu. Kisha nikampa bosi utepe, nikavua ndara, nikasimama ukutani mimi.

Akauliza, "Wewe wa nini?"

"Urefu wangu, baba. Wa baiskeli."

Akatabasamu, na ninavyomjua halikuwa tabasamu baya. "Hapana, sadiki. Wewe utaendesha gari la mizigo. Utatutangulia kila siku, ukifika unaweka mabegi vyumbani. Nimeshawaambia tunakuja na dereva wetu."

Binti akacheka kidogo, mama yake akamtazama, akanyamaza. Nikavaa ndara zangu. Ningeweza kukubali. Ningekwenda, ningeyaona yale mashamba kupitia kioo cha gari, na pengine jioni moja ningeomba baiskeli ya mtu kwa dakika kumi. Mwenye akili angefanya hivyo. Lakini hasira yangu huwa inanitangulia, imeshanifukuzisha kazi mbili kabla ya hii, na nikasikia mdomo wangu unasema, "Basi baba, kama ni gari, niache hapahapa. Gari hata hapa naendesha."

Nilitaka abishe. Nasema ukweli, nilitaka aseme haya, simama vizuri nikupime. Aliinua mabega akasema, "Kwa raha yako," akachukua fomu akaenda zake.

Mke wangu nilimwambia Waingereza wameifuta viza. Aliwatukana kwa dakika nzima, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao, nami nikamsikiliza viza ikiwa kwenye pasipoti mbele yangu mezani. Niliona aibu kubwa kuliko ile ya ukutani. Siku ya safari niliwapeleka uwanja wa ndege mwenyewe, nikapanga mabegi kwenye toroli.

Siku ya tatu ya kuendesha kwao, mchana, nilikuwa chumbani kwangu nimepumzika, AC inanguruma, simu ikalia. Alikuwa bosi, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo.

"Sadiki, kuna kilima."

Nilikijua. Kiko baada ya kinu cha maji, njia inapokuwa nyembamba kati ya nyua mbili za miti, kilomita moja na nusu, na kijitabu kinasema mwenye kuchoka ashuke asukume. Madamu na watoto walikuwa wameshasukuma za kwao wakapotelea mbele. Yeye alikuwa amebaki chini peke yake, na hakutaka kusukuma.

"Uko gia gani?"

"Sijui."

"Rudi nyuma kidogo, mahali tambarare. Weka ya chini kabisa kabla hujaanza. Niweke kwenye spika, simu itie mfukoni."

Kwa karibu robo saa nilimpandisha. Nilisikia anavyohema, nikamwambia gurudumu, baba, tazama gurudumu. Alipotaka kushuka nilimkatalia kwa ukali ambao singethubutu kumtolea ana kwa ana, naye akatii. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mkono wa kulia nimeunyoosha mbele bila kujua. Kisha nikasikia mnyororo unazunguka kwa wepesi, breki zikalia, na kukawa kimya isipokuwa ndege fulani aliyekuwa anaimba juu sana.

"Nimefika," akasema.

"Unaona nini, baba?"

Nilifumba macho kumngoja. 

"Hakuna kitu," akasema. "Nyasi. Kondoo. Kuna kijiji huko chini, nacho hakina kitu. Madamu amechoka na watoto hawapati intaneti, kesho tunakwenda London. Ulikuwa na akili kubaki, sadiki."

"Ndiyo, baba," nikasema. Nikamwelekeza namna ya kuteremka, breki ya nyuma kwanza, ya mbele kidogokidogo, kwa sababu kumfikisha salama ndiyo kazi yangu, na nikabaki na simu sikioni hadi aliponiambia yuko chini. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika zile, na hakuwa amenifanyia baya lolote ambalo ningeweza kumsimulia mtu akalielewa.