Jino la Mbele na Salamu za Mama Mkwe

Mtu aliyeamriwa asifunge mdomo anaijibuje salamu ya mama mkwe wake? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimekaa katika ndoa miaka mingi, na bado sijui.

Jino langu la mbele lilimeguka Gilgil, kwa hindi la kuchoma ambalo muuzaji aliniapia kuwa ni laini. Nilihitaji kulijaza upesi, kwani nilikuwa nimeteuliwa msemaji wa ukoo wetu siku ya kumpelekea mpwa wangu posa kule Ndabibi. Bila kipande kile, kila "s" yangu ilitoka na mluzi, na msemaji anayepiga mluzi mbele ya wakwe hudhaniwa anawaita ng'ombe aliokuja nao.

Daktari wa meno, mwanamke mwenye kliniki ndogo mtaani Free Area, alinieleza kazi yake kwa subira. Alilipaka jino dawa kali ya kulikwaruza, akaiosha, akapuliza hewa kidogo. Jino halikaushwi kabisa, alisema. Huachwa na unyevu kiasi, kama shamba siku ya kupanda, si vumbi, si tope. Kisha hufuata gundi, na juu yake kijazio kinachogandishwa kwa taa ya bluu.

"Sasa mzee, mdomo wazi. Mate ikigusa hapa kabla ya gundi, itashika leo lakini haitadumu."

Akaenda chumba cha pili kuitoa gundi kwenye friji. Papo hapo pazia la mlango likasogea, na mama mkwe wangu, aliyekuja kupimwa meno bandia, akachungulia.

"Kumbe ni wewe, mkwe wangu. Hamjambo?"

Kwetu mama mkwe hajibiwi kwa kutikisa kichwa. Nikafunga mdomo, nikameza mate, nikajibu ipasavyo.

"Hatujambo, mama. Nyumbani wazima? Na yule ng'ombe mgonjwa?"

Ng'ombe alikuwa amepona. Habari za mahindi zilikuwa ndefu zaidi. Daktari aliporudi, pazia lilikuwa limetulia nami nimepanua mdomo kama kifaranga, bila hatia yoyote usoni.

Jino lilidumu wiki tatu. Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya safari ya Ndabibi, nilikuwa nikijizoeza hotuba mbele ya mke wangu. Nilipofika "sisi sote tumesafiri salama," kipande kiliruka kikatumbukia kwenye chai yangu.

"Rudia hiyo ya mwisho," mke wangu akasema.

"Sisi sote..."

"Basi. Ng'ombe wamesikia."

Nilimpigia daktari simu. Akaniomba radhi, jambo lililoniumiza kuliko jino lenyewe. Labda gundi yake ilikuwa imeharibika, alisema. Angeitupa chupa yote. Nikamjibu kwa mluzi kwamba mambo hutokea.

"Huyo daktari hajui kazi," mke wangu akasema nilipokata simu. "Kesho naenda kumwambia mwenyewe."

Ikanibidi nimweleze nani alichungulia, na nani alifunga mdomo. Alitafakari huku akikoroga chai.

"Kama ni mama," akasema hatimaye, "ulifanya vizuri kujibu."

Sikutulizwa na hukumu hiyo. Niliamua kwamba kutakapokucha ningemkiria daktari, na kwamba mdomo wangu usingefungwa tena, hata aje nani.

Asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza klinikini.

"Daktari, usiitupe gundi. Ulipotoka nilifunga mdomo. Nilikuwa namsalimu mama mkwe."

"Mlifika wapi?"

"Mpaka mahindi."

Hakucheka. Alichukua kipande chembamba cha mpira, akakitoboa, akakitandaza mdomoni mwangu hadi likabaki jino moja tu nje, limetengwa na mate yote. Akapaka dawa, akaosha, akapuliza, akaelekea kwenye friji. Pazia likasogea. Meno bandia yalikuwa tayari kujaribiwa.

"Mkwe wangu, hamjambo?"

Nikainua mikono yote miwili, kama watu wafanyavyo kanisani, na mdomo nikauacha wazi.